Mimba ya Shamsa

Kwenye basi la kutoka Batha, nyuma yangu, Fidel, Mkenya mtunza farasi, alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, Bi Mashavu wa Unguja, habari za Shamsa, farasi bingwa wa mbio aliyeshika mimba.

“Dume la nani?” Bi Mashavu aliuliza, kama mtu aliyeletewa posa.

“La Jeddah, mama. Lenyewe halijawahi kushinda, lakini mamake alishinda mbio tisa. Mimi naomba tu mtoto apate upole wa babake, juu Shamsa huuma kila mtu isipokuwa mimi.”

“Atazaa lini?”

“Februari. Ikama yangu, kibali cha kukaa huku, inaisha Januari, na bosi hajasema kitu.”

“Na huyo bosi, Shamsa humuuma?”

“Sana.”

Basi likasimama. Bi Mashavu akainuka, akakusanya buibui lake. “Basi usimuulize ikama, mwanangu. Muulize nani atamshika Shamsa siku ya kuzaa.”