Bi. Arlene Anastaafu Ijumaa Ili Asimame Jumanne

Wewe uliyepewa karatasi hii mkononi, nakuomba usiisome ofisini, usiipige picha, wala usimtaje aliyekupa. Iweke mbali na macho ya watu hadi Jumanne jioni. Baada ya hapo sitajali, au nitajifanya sijali.

Bi. Arlene Ostergaard anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Agosti, baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi inayoandaa kijitabu cha wapigakura cha jimbo letu. Kila uchaguzi, hoja ndefu za mawakili zitakazopigiwa kura zilipofika mezani, yeye ndiye aliyezieleza kwa lugha ya watu: ukipiga Ndiyo kitatokea hiki, ukipiga Hapana kitatokea kile. Hakutia chumvi upande wowote.

Alikuja akitoka kufundisha darasa la nne katika Bonde la Tamarack, na tangu hapo ametusahihisha sote kama watoto wa darasa la nne. Kabla maelezo hayajaenda kuchapwa, huyabeba Jumamosi hadi duka la kufulia nguo la Twyla Brandvold, ambako watu wamekaa wakisubiri mashine. Humpa mtu asome, kisha humuuliza mambo mawili: Ndiyo inafanya nini, na unadhani mimi napigia upande gani? Mtu akikosea la kwanza, au akipatia la pili, maelezo yanaandikwa upya.

Mumewe, Gene, aliwahi kutuambia kwenye chakula cha ofisi, "Nimelala naye kitanda kimoja tangu ujana, na sijui hata ile hoja ya kodi ya mbwa aliipigia nini. Nikimuuliza tule kuku au nyama, ananisomea hoja za pande zote." Mwaka wa hoja ya mabwawa, viongozi wa kampeni zote mbili walimpigia simu asubuhi moja, kila mmoja akimlaumu kwamba ameegemea kwa wenzake. Akatununulia donati ofisi nzima. Alisema siku njema kama hiyo haiji mara nyingi.

Sasa nafika panaponitia haya. Wasifu utakaousoma kwenye ratiba ya sherehe ya kumuaga niliuandika mimi pia. Unasema anakwenda kupumzika na kuvua samaki. Bi. Arlene hajawahi kushika ndoano.

Ukweli ni huu. Bunge la jimbo lilipitisha sheria ya kufunga vituo vya magari ya wagonjwa vijijini na kuyahamishia magari hayo mjini. Watu wa mabondeni wakakusanya saini, na sasa sheria hiyo itapigiwa kura Novemba kama Hoja Namba Sita. Bi. Arlene aliandika kwamba Ndiyo inaibakiza sheria na vituo vitafungwa, Hapana inaifuta na vituo vitabaki. Mkuu wetu, Bwana Royce Haddick, akayaondoa maneno hayo akaweka yake: "Ndiyo itaimarisha huduma za dharura kwa kuzipanga upya."

Jumamosi nilifuatana na Bi. Arlene hadi kwa Twyla. Mzee Lowell Stenberg, mkulima wa ngano wa Tamarack, aliisoma sentensi hiyo huku soksi zake zikiwa mapajani.

"Hii rahisi," alisema. "Napiga Ndiyo. Mke wangu moyo wake mbovu, nataka gari lifike upesi."

"Kituo chenu kitafungwa, mzee," nikamwambia.

Aliigeuza karatasi akatazama nyuma. "Wamesema wapi?"

"Wamekifunika kwa neno zuri, Lowell," Twyla akasema kutoka kaunta, "kama wewe na hiyo kofia na upara wako."

Mzee hakucheka. Aliuliza gari la mjini litachukua muda gani kufika kwake, kisha akajijibu mwenyewe: saa nzima, na theluji ikianguka, basi tena.

Jumatatu Bi. Arlene alilieleza jambo hilo kikaoni.

"Arlene, nionyeshe neno moja la uongo hapo," alisema Bwana Haddick.

"Halipo. Ndiyo maana Lowell ameliamini."

"Bajeti yetu inapitishwa na hao hao wabunge. Kuna mwingine mwenye la kusema?"

Tulikuwa saba mezani. Mimi nilimsikia mzee Lowell kwa masikio yangu. Nikainama nikakitazama kifuniko cha kalamu yangu kana kwamba kina maandishi. Tukaendelea na ajenda iliyofuata, mandari ya ofisi, na hapo kila mtu alikuwa na la kusema.

Maelezo ya kijitabu hupingwa siku moja tu, katika kikao cha hadhara ukumbini, na anayeruhusiwa kusimama ni mpigakura asiye mtumishi wa ofisi yetu. Mwaka huu ni Jumanne tarehe 3 Septemba. Alasiri ya Jumatatu ile ile ya kikao Bi. Arlene aliomba kustaafu, kabla pensheni yake haijakamilika. Nilimfuata kwenye maegesho.

"Bi. Arlene, si ungengoja Desemba?"

"Desemba watakuwa wameshapiga kura, mwanangu." Akafungua mlango wa gari. "Na wewe usijitese. Una mkopo wa chuo na kodi ya nyumba. Nilijua hutasema kitu."

Hilo ndilo linaloniuma: kwamba alijua.

Kibali chake cha kustaafu kitasainiwa na Bwana Haddick Ijumaa mchana. Akipata habari ya Jumanne, anaweza kukiweka mezani hadi Jumatano, na Tamarack itapiga kura kwa sentensi yake. Ndiyo sababu nakusihi unyamaze.

Bi. Arlene, asante kwa kila sentensi uliyotunyoosha. Uwe na afya wewe na Gene, na maisha yako ya mbele yawe na siku nyingi za kusema upande wako waziwazi.

Lakini akisimama peke yake, wataona mwanamke aliyemkasirikia bosi. Wanahitajika watu walioisoma sentensi ile wakaielewa kinyume. Kama ni wewe, usipige simu ofisini. Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nitakuwa nyuma ya duka la vyakula vya mifugo la Tamarack, gari la kijivu lenye kioo kilichopasuka upande wa dereva. Gonga tu. Nina nafasi ya wanne. Sina ruhusa ya kusema ukumbini, na likizo sijaomba, lakini nitawafikisha mlangoni, na nitaingia nanyi.