Dada Birika Anatafuta Mdomo

Benchi lile liko mlangoni kwangu, na sikumbuki kumwalika mtu. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Mama Sindano, na kila asubuhi nikifungua mlango saa tatu nawakuta watatu wameshajipanga barazani: Waziri, ambaye hana wizara wala ofisi lakini kila jambo la serikali analijua yeye, Presha, mzima wa afya kuliko mimi ila kila siku ana ugonjwa mpya, na Bondia, ambaye wembamba wake hata nikimshonea suruali kitambaa kinabaki. Wote hawana kazi. Kahawa anawauzia Dada Birika. Huyu hasikii tangu utotoni na shule ya viziwi hakupelekwa, kwa hiyo lugha yake ya mikono tumeitunga naye hapa hapa barazani, mwaka baada ya mwaka, kwa vicheko. Mtu wa nje haielewi hata kidogo. Na asubuhi ile hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe. Dada Birika alikuwa amepata nafasi kwenye kiwanda cha mikate kupitia ule mpango wa serikali wa kuwasaidia watu wenye ulemavu na wasio na ajira, lakini mkalimani aliyeletwa wiki iliyopita alipunga mikono mpaka jasho likamtoka, dada wa watu akimtazama kama anatazama mtu anayefukuza nzi. Leo afisa mwenyewe alikuwa anakuja. Dada asipopata namna ya kuelewana naye, nafasi anapewa mwingine.

– Mimi nawaambia, huo mpango una jambo ndani yake, Waziri akaanza, kikombe mkononi. Serikali ikikupa kazi hujaiomba, jiulize mara mbili.

– Ameomba, nikamjibu kutoka kwenye cherehani. Nilimsindikiza mimi.

– Kuomba si tatizo, Mama Sindano. Tatizo ni kupewa! Mimi nimeomba mara ngapi, nani kanipa?

– Wewe uliomba lini? Bondia akauliza.

– Moyoni. Kila siku naomba moyoni.

– Na mimi najua kwa nini wanawataka wasiosikia, Presha akadakia huku amejishika kiuno, maana siku hiyo ugonjwa ulikuwa wa kiuno. Mabosi wa siku hizi wanaongea siri zao mbele ya wafanyakazi. Ukiweka anayesikia, kabla ya mchana mji mzima unajua.

– Siri gani ya mkate, Presha? nikamuuliza.

– Mashimo! Bondia akaruka. Hebu kata mkate utazame. Ule si mkate, ni mashimo yamezungukwa na unga kidogo. Tunauziwa hewa, jamani! Na hewa hiyo wanaitia kwa mashine, mashine ina mlio, na mtu mwenye masikio akiusikia mlio ule siku nzima, naye anaanza kuvimba.

– Anavimba?

– Anaumuka. Mmeshawahi kumwona mwoka mikate mwembamba?

Tukatazamana, maana kwa kweli hatujawahi.

– Ninyi mnafikiri kwa udogo, Waziri akasema. Hii ni habari ya wageni. Kuna wageni wakubwa wanakuja, na serikali haitaki wakute mtu amekaa kwenye benchi. Wameanza na wenye ulemavu. Wakimaliza wanakuja kwetu. Utalala zako vizuri, ukifumbua macho uko kazini na kofia kichwani!

– Kwa nguvu? Presha akakiacha kiuno, akashika kifua. Bora mimi nijiandikishe ulemavu mapema.

– Una ulemavu gani, wewe? Bondia akamuuliza.

– Wa asubuhi. Mpaka saa nne viungo vyangu havikubali.

– Huo ni uvivu!

– Ndiyo maana hamnielewi. Mzima hawezi kumwelewa mgonjwa.

Dada Birika alikuwa ananitazama. Akaniuliza kwa mikono watu hawa wanabishania nini. Nikazungusha kidole hewani kama mtu anayekoroga chai isiyo na sukari, na hiyo kwa lugha yetu ni upuuzi mtupu. Akacheka, halafu kicheko kikakatika, akachungulia tena kule barabarani. Alikuwa amevaa gauni la bluu nililomshonea kwa ajili ya siku hiyo. Miaka yote amebeba lile jiko la mkaa na lile birika jua kali, mvua ikinyesha, na hajawahi kuwa na mlango wa kuingia asubuhi akasema hapa ndipo kazini kwangu. Aliitaka kazi ile mpaka ilikuwa inaniuma mimi.

Afisa akafika. Kumbe ni binti mdogo tu, viatu vimejaa vumbi, mkoba begani.

– Shikamooni.

– Marahaba, wakaitikia wote, hata Bondia ambaye ni rika lake, asiye na haya.

Nikamvutia kigoda, akaketi. Akatueleza bila kuzunguka. Mpango unaruhusu msaidizi wa kazini kwa miezi ya mwanzo, mpaka wenzake pale kiwandani wazoee kuelewana na dada. Msaidizi lazima awe mtu anayemwelewa, na lazima atoke miongoni mwa wasio na kazi, ili apate na yeye pa kuanzia. Mimi nisingefaa, nina cherehani yangu.

– Kwa hiyo naomba kujua, akasema. Hapa, nani hana kazi?

Wallahi watatu wote wakainamia vikombe vyao.

– Kutokuwa na kazi, mheshimiwa, ni neno pana, Waziri akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na nguvu.

– Mimi nina mambo mambo yangu, Bondia akasema.

– Mimi ni mgonjwa, akasema Presha.

– Ala! Nikainuka na mkasi mkononi. Jana mlikuwa mnalia hamna kazi, leo mna mambo mambo? Benchi hili nitalipasua niwashie moto, mkakae barabarani!

– Msaidizi analipwa, afisa akaongeza taratibu. Na kila siku anapewa mkate.

Bondia na Presha wakasimama kwa pamoja. Kiuno kilipona hapo hapo, nimeona kwa macho yangu.

– Basi tujaribu, afisa akasema. Mmoja mmoja amuulize dada anamwonaje yeye kama msaidizi wake. Dada akijibu, huyo huyo anitafsirie.

Akaanza Bondia. Akamuuliza Dada Birika kwa mikono, kifua mbele. Dada akamnyooshea kidole, akalaza shavu kwenye kiganja, akafumba macho, akafumbua, akatafuna hewa, akalala tena.

– Anasema, Bondia akakohoa, anasema mimi ni mtulivu, na nina njaa ya maendeleo.

– Mwongo! Presha akapiga ukelele. Kasema unalala, unaamka kula, unarudi kulala!

– Hebu na wewe tukuone, Bondia akamjibu.

Presha akauliza. Dada Birika akashika paji la uso, akayumba, akajiangusha kwenye benchi kama anakata roho. Kisha akatega sikio, kama mtu aliyesikia ngoma kwa mbali, akaruka juu akakata kiuno mpaka birika likatikisika.

– Anasema hali yangu inaendelea vizuri, Presha akatafsiri. Hasa miguu.

Tulicheka sote, na afisa naye akacheka mpaka akafuta macho. Nilidhani mambo yamekaa sawa. Lakini alipomaliza kufuta macho uso wake ulikuwa umebadilika.

– Jamani, nimefurahi sana kuwafahamu. Lakini kule kuna tanuri. Huyu dada akisema moto, na mwenzake akatafsiri maendeleo, mtu ataungua. Akaweka mkoba begani. Sina jinsi. Naomba mnisamehe, nafasi hii itabidi nimpe mtu mwingine.

Dada Birika hakuhitaji mikono ya mtu kuelewa mkoba ule. Akainamia jiko lake, akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa.

– Mheshimiwa, subiri.

Alikuwa Waziri. Tangu majaribio yaanze hakuwa ametia neno, na kwa Waziri hilo ni jambo la kumwita daktari.

– Bado mimi, akasema.

Akaenda akapiga magoti mbele ya jiko, ili dada amuone vizuri. Akamuuliza swali lile lile. Halafu akaongeza ishara moja, kiganja wazi kifuani: sema kweli.

Dada Birika akamtazama kwa muda. Akainua mkono, vidole vikafunguka na kufunga, kufunguka na kufunga, kwa kasi.

– Anasema mimi nina domo, Waziri akatafsiri bila kugeuka. Domo lisilofungwa.

Bondia akataka kucheka, nikamkata jicho.

Dada akagonga hewani, kama anagonga mlango. Akagonga tena mlango wa pili. Kisha akaurudisha mkono haraka kifuani kama aliyeungua, akauficha kwapani, akajikunja. Na mkono wa pili ukarudi kuwa domo, ukifunguka na kufunga.

Sote pale tulielewa. Tukatazama chini. Afisa hakujua hata chembe, na Waziri angeweza kusema lolote, angeweza kusema anasifiwa kwa bidii yake, na naapa safari hii hakuna ambaye angemsahihisha.

– Anasema, Waziri akaanza. Anasema si kwamba kazi nimeikosa. Anasema naiogopa. Zamani niligonga milango, nikafukuzwa, nikafukuzwa tena, nikaogopa kugonga. Na haya maneno yote ninayosema kila siku, nayasema ili mtu asiniulize.

Hata Presha alisahau kuugua.

– Ni kweli? afisa akauliza kwa upole.

– Wewe ulitaka tafsiri, mheshimiwa. Tafsiri ndiyo hiyo.

Hapo Dada Birika akafanya ishara nyingine, fupi. Akaishika mikono yote miwili ya Waziri, akaivuta, akaiweka mabegani mwake mwenyewe.

– Na hapo anasema nini? afisa akauliza.

Waziri akatikisa kichwa. Akanigeukia mimi.

– Anasema anamtaka huyu, nikasema mimi, na macho yangu yalikuwa yameshajaa, sina la kuficha. Huyu huyu, na domo lake.

Bondia akapiga makofi, Presha akapiga vigelegele vya kike bila kuona haya, na mimi nikajikuta nimemkumbatia afisa wa serikali na futi ya kupimia ingali shingoni. Binti wa watu naye akanikumbatia.

– Haya, akasema akijitengeneza. Kesho saa kumi na mbili asubuhi, mlangoni kiwandani, wote wawili. Akamgeukia Waziri. Utaweza kuamka?

Swali dogo kabisa. Mtu anayejibu maswali ya wizara zote akatutazama mmoja mmoja, hakuna aliyeweza kumsaidia, maana asubuhi zake tunazijua.

Nikamtafsiria Dada Birika swali lile kwa mikono. Akajibu yeye. Akashika ndoo hewani, akainua juu kwa mikono yote miwili, akamwaga, akajikumbatia akitetemeka mwili mzima.

– Anasema nini? afisa akauliza.

Waziri akajifuta uso kwa mkono wa shati.

– Anasema nikichelewa atakuja kunimwagia maji kitandani, akasema. Ya baridi, mheshimiwa. Hapo mwisho ameonyesha ya baridi.