Ndugu Baudilio Chojolán Anaiaga Redio Rocío: Sauti Iliyojifunza Kuomba Radhi

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Ndugu Baudilio Chojolán anastaafu rasmi tarehe 30 Novemba. Asubuhi hiyo atasoma matangazo kwa mara ya mwisho na kuvua hedifoni, na watu wa mji wa Xela na vijiji vya milimani itabidi wazoee kuamshwa na sauti nyingine.

Alikuja kwetu akiwa kijana, mtoto wa wakulima wa karoti wa Almolonga. Mchungaji Otoniel Cux, mkurugenzi wetu wa kwanza, alimsikia kanisani akisoma Maandiko kwa Kikiche, lugha ya kwao, na kwa Kihispania, akamwambia aripoti Jumatatu. Akaripoti amevaa tai. Tulipomuuliza redioni nani atamwona, alijibu, "Sauti nayo huvaa," na tangu hapo hatujawahi kumwona studio bila tai.

Alisoma habari, mahubiri, salamu za siku ya kuzaliwa na matangazo ya mifugo iliyopotea, na yote aliyapa uzito uleule. Wakati fulani alitangaza kupotea kwa nguruwe wa mama mmoja wa Cantel kwa huzuni kubwa, hata watu wawili wakafika mapokezi kuleta rambirambi.

Lakini sifa nazo hulevya. Miaka ikasonga, na Ndugu Baudilio akawa mtu wa kusahihisha wenzake bila yeye kusahihishika. Hili silisemi kwa kumvunjia heshima. Nilipomweleza kwamba nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, aliniambia, "Ukiliruka lile tukio la daraja, kwenye sherehe ya kuniaga sionekani." Basi siliruki.

Ulikuwa msimu wa mvua kubwa. Wanawake wa kanisa walikuwa wakirudi kwa basi kutoka mkutano wa injili huko pwani, na njia yao ilipita daraja la Santa Elvira. Ndugu Baudilio akijiandaa kusoma hali ya barabara, Dada Hermelinda Sacalxot, fundi mitambo wetu, aliingia studio.

"Ndugu Baudilio, kuna mtu amepiga simu. Anasema Santa Elvira inatikisika."

"Mtu gani?"

"Hakujitambulisha. Simu imekatika."

"Dada, wewe shughulika na nyaya zako. Habari niachie mimi."

Akawasha kipaza sauti, akawatangazia wasafiri kwamba njia ni salama.

Kufikia jioni basi lilikuwa halijafika. Nguzo za simu zilikuwa zimeanguka, na habari pekee tuliyoipata ilisema daraja limekwenda na maji. Waume, watoto na mama wa wasafiri wakajaa uani kwetu, wamejifunika mablanketi, wakitutazama sisi kana kwamba tunajua kitu. Mchungaji Otoniel aliwaita watangazaji na mafundi ofisini, akauliza kama kulikuwa na onyo lolote kabla ya tangazo.

"Mimi hakuna aliyeniambia," alisema Ndugu Baudilio.

Macho yote yakamgeukia Dada Hermelinda, kwa kuwa simu za studio zilikuwa zikipokelewa naye. Akasema alimwambia. Mchungaji akawatazama wote wawili, na neno la mtangazaji maarufu likawa zito kuliko la fundi. Dada Hermelinda akaambiwa aende nyumbani asubiri uamuzi. Alichukua mtandio wake bila kugombana na mtu. Mlangoni alisema tu, "Mungu anajua, na yeye anajua."

Jioni ileile Ndugu Baudilio aliombwa aongoze sala hewani kwa ajili ya wasafiri. Alikaa, akafungua kinywa, na sauti haikutoka. Kaseti ya nyimbo ndiyo iliyotuokoa.

Asubuhi akafika mtu kwa miguu, tope hadi magotini. Alisimama katikati ya ua akasema, "Wako hai wote. Wamechoka, na wanataka kahawa."

Sijawahi kusikia kilio kitamu kama cha asubuhi ile. Tuliambiwa kwamba dereva alikuwa amesikia redio yetu, akaendelea na safari. Magurudumu ya mbele yalizama kwenye tope la ukingoni, na daraja mbele yake halikuwepo. Wanawake walitokea mlango wa nyuma mmoja baada ya mwingine, wakapanda kilima, wakalala kwenye shule ya kijiji. Bibi mmoja alipoteza viatu, na hasara iliishia hapo.

Hapo ndipo Ndugu Baudilio angeweza kunyamaza. Watu wamepona, nani angeuliza tena habari za simu? Badala yake alimfuata Mchungaji, akamweleza kila kitu. Mchungaji naye, kwa furaha ya siku ile, alitaka kumfunika.

"Wote ni wazima, Ndugu. Tutasema taarifa ziligongana, yaishe."

"Kwa wengine yameisha, Mchungaji. Kwangu hayajaanza."

Aliingia studio akasema hewani, bila kupamba: kwamba alionywa, akapuuza kwa kiburi, kwamba akadanganya, akamwachia mwenzake lawama, kwamba mvua haikuhusika na uongo wake. Akaomba radhi kwa abiria na jamaa zao, akazima kipaza sauti, akashika njia kwenda kwa Dada Hermelinda. Alimkuta anapukuchua mahindi, redio iko pembeni.

"Nimekusikia," Dada Hermelinda alimwambia. "Hukuwa na haja ya kuja."

"Kule nimewaambia watu. Wewe sijakuambia."

"Haya, niambie."

Akamwambia, amesimama, kofia mkononi. Dada Hermelinda alimaliza gunzi alilokuwa nalo kabla ya kujibu.

"Nimekusamehe. Ila siku nyingine nikikuambia jambo, sikia."

"Na nikisahau?"

"Nitakuzimia mitambo."

Mchungaji alimwomba radhi Dada Hermelinda mbele yetu sote, na leo huyo dada ndiye mkuu wa ufundi. Ndugu Baudilio aliomba mwenyewe aondolewe kipindi cha asubuhi, akarudi kwenye mifugo iliyopotea na matangazo ya misiba. Aliirejea asubuhi baada ya muda mrefu, na kwa sababu Dada Hermelinda ndiye aliyempendekeza. Tangu hapo hasomi taarifa ya barabara kabla ya kumtazama kupitia kioo, naye akaitikia kwa kichwa.

Msidhani aligeuka malaika. Kuna kipindi makanisa yalimwalika kutoa ushuhuda wa daraja, na ushuhuda ukazidi kunoga, hadi mkewe, Mama Catarina, akamwambia mezani, "Baudilio, sasa unaringia toba." Aliweka chini chapati yake ya mahindi, akacheka mpaka machozi, na Jumapili iliyofuata akabaki nyumbani. Anasema unyenyekevu ni kama kuosha uso: kunawa kwa jana hakukusaidii leo.

Watangazaji vijana aliowafundisha wamejaa vituo vya nyanda hizi. Wengi wana sauti nzuri. Wote wanajua kusema "nilikosea" bila kuongeza "lakini", na hilo wamelipata kwake.

Sasa anarudi Almolonga kwenye karoti zake. Ndugu Baudilio, asante kwa asubuhi zote ulizotuamsha, na asante zaidi kwa ile moja ulipojishusha mbele ya watu. Mungu akupe wewe na Mama Catarina afya, mvua ya kiasi na uzee mtulivu. Maneno yaliyobaki tuachie sisi. Tukikosea, tunajua pa kwenda: kwa tuliyemkosea, kama ulivyokwenda wewe.