Mamba Waliolishwa kwenye Baridi

Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale huko Uganda, nje ya kibanda cha kuchaji simu, kuna ubao uliolazwa juu ya matofali, na ubao huo una wenyewe. Mwisho wa upande wa jua hukaa Profesa, jina lake Byamungu, aliyefundisha shule ya msingi Uvira kabla ya kukimbia. Katikati hukaa Afande, Mnyankole wa Kabingo, mgambo mstaafu anayenunua maziwa kambini na kuyapeleka Mbarara. Ukutani hukaa Mzee Gakwaya, mfugaji wa milima ya Minembwe, ambaye ng'ombe wake waliishia huko huko vitani. Nyirabahire huwamiminia kahawa ya tangawizi na kuwasuta bure. Alasiri moja ya Februari 2014 hakumsuta mtu, kwa sababu Profesa alikuja na habari za Nkusi, mtoto wa Gakwaya.

Nkusi alikuwa amepelekwa Amerika miaka miwili nyuma, kwenye jimbo la theluji, akapata kazi katika nyumba ambamo watu huingia kutazama mamba. Kazi yake hasa ilikuwa moja: majira ya baridi yakifika, mamba wasipoe.

— Mutoto ameniandikia, Profesa akasema. Mamba mbili zimekufa. Theluji ilikata kura, umeme yote, siku ine, mashine ya moto ikazimika. Bamemusimamisha kazi. Siku ya tano, njo Ijumaa, ile boss yake atamukatia shauri.

Hapo kila mtu alijua maana yake. Nkusi akifukuzwa, hakuna barua ya kazi, na bila barua hiyo faili ya kumfuatisha Amerika mama yake, Mukarukundo, anayelala na moyo mgonjwa hatua mia kutoka pale, haisogei.

— Mimi hapana amini, Afande akasema. Mamba nakaa kwa maji ya Nakivale hapa, baridi ya usiku kama nini, asubuhi nakamata mbuzi ya mtu. Mamba ya kufa na baridi natoka wapi?

— Baridi ya hapa ni ya kuvaa sweta. Ya kule, unatema mate, inafika chini imekuwa jiwe.

— Wewe naona?

— Nimeisoma.

— Aa, nasoma!

— Sikiliza, Afande. Kule kuko mamba ya namna mbili. Iko aligata, ile ni ya kwao, maji ikiganda inaacha pua inje, inalala mupaka joto irudi. Na iko kayimani, hiyo baliitosha fasi ya joto, haijue theluji. Njo ile imekufa.

— Kama sisi, Nyirabahire akasema polepole.

Gakwaya alikishika kikombe chake kwa mikono miwili, hakunywa.

— Kosa ni ya Nkusi, Afande akasema. Sisi kwa depo ya mafunzo, asubuhi, hapana sweta, afande nasema mbio! Dakika kumi wewe natoa jasho. Mamba nataka mbio.

— Nani atakimbiza mamba?

— Mamba nakimbiza Nkusi! Wote wawili napata joto.

Nyirabahire aliguna kicheko, akamtazama Gakwaya, kikamfia mdomoni.

— Hapana, Profesa akasema. Ni choc. Moto ilirudia mara moja, damu ikashituka. Na kama haiko choc, ni mawazo. Munyama anatoka kwao, anafungiwa mu nyumba ya vioo, bantu banamuangalia tu. Siku kura inakatika anasema: basi, naenda.

— Mawazo gani! Afande akapiga goti. Hiyo boss nataka ngozi! Viatu, mikoba! Yeye mwenyewe nazima stima, halafu nasema theluji, halafu nafunga kijana ya watu.

Wakabishana hivyo, mmoja na choc yake, mwingine na viatu vyake. Gakwaya alikuwa na jambo la aibu ambalo hata Mukarukundo hakumwambia.

Siku ya tatu tangu umeme ukatike kule, Nkusi alimpigia. Baba, wanapoa, nifanyeje? Tangu waingie Nakivale hakuna aliyewahi kumuuliza Gakwaya jambo la maana. Huambiwa pa kusimama kwenye foleni, pa kuweka dole gumba, siku ya kurudi. Ghafla mwanawe, aliye upande wa pili wa dunia, anamuuliza habari za mifugo! Alifurahi, na hilo ndilo lililomuuma zaidi sasa. Hakufikiri hata kidogo. Alimjibu kama baba yake alivyomjibu yeye kule mlimani, upepo wa baridi ulipoingia zizini: walishe, ndama akishiba hapoi. Walishe mpaka wakatae. Nkusi akasema, ndiyo, Baba.

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama kibandani akingoja simu yake ichajiwe. Alikuwa wa kituo cha mapokezi ya wakimbizi wapya, wiki yake ya pili kambini, jina lake Marthe, mtu wa Baraka kando ya Tanganyika. Alisikiliza weee, kisha akauliza:

— Mbele ya kufa, zilikula nini?

— Kula? Profesa akageuka. Mama, tunaongea juu ya baridi.

— Njo sababu nauliza. Kwetu muzee mumoja alikuwa anafuga katoto ka mamba mu pipa. Mvua ikinyesha siku mingi, alikuwa anakataza batoto kukapatia samaki. Mamba ikipoa, tumbo yake inasimama. Nyama inaozea mule mule. Bale balipatia zile mamba kitu?

Profesa alimtazama Afande. Afande akatazama debe lake la maziwa.

— Ni mimi, Gakwaya akasema. Nilimuambia abalishe.

Gakwaya akatoa simu, akambipu mwanawe. Huko kulikuwa asubuhi, na Nkusi akarudisha mara moja. Kwa kawaida wangesema Kinyamulenge, lugha ya kwao, lakini Gakwaya alianza kwa Kiswahili na akafungua sauti, kwa sababu alitaka ubao mzima usikie.

— Nkusi, siku ya tano uambie boss ni baba yako alikosa. Profesa iko hapa, atamuelezea na Kingereza.

— Hapana, Baba.

— Wewe hukujua. Uliuliza muzee wako, akakupatia majibu ya ndama.

— Nilijua, Baba.

— Ulijua nini?

— Walinifundisha siku ya kwanza. Imeandikwa ku mulango wa kazi: munyama akipoa, usimulishe. Ninaisoma kila siku ninapoingia.

Gakwaya alisimama, akakaa tena.

— Sasa juu ya nini ulizilisha?

Afande akasogea karibu na simu.

— Juu wewe ulikuwa umesema, Baba.

Gakwaya akaliona lote. Mwanawe alikuwa amesimama mbele ya mlango ule, mikono imekufa ganzi, amebeba ndoo ya nyama, anasoma maandishi yale, kisha akaingia.

— Basi sema hivyo, Gakwaya akasema. Uwaambie vile vile unaniambia.

— Hawataelewa. Watasema huyu ni mupumbavu. Nitawaambia nilisahau.

Simu ikakatika. Nyirabahire alikuwa ameshika birika bila kummiminia mtu. Gakwaya alimgeukia Profesa.

— Wewe unajua Kingereza. Itasemwa namna gani, ili baelewe?

Profesa alifungua mdomo. Walimngoja, hata Marthe alingoja, simu yake ikiwa tayari mkononi, na Profesa akaufunga.