Mama Mizani na Picha Iliyokataa Kurudi

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi mliotoka mbali mkafika hapa na vumbi la safari mabegani, familia imenichagua mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, si kwa kuwa najua kusoma kuliko wengine, bali kwa kuwa kaka zangu wanasema sauti zao zitawasaliti, na yangu, kwa maelezo yao, imezoea kukwaruza.

Dada alizaliwa tarehe 11 Juni 1962, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga jirani na kiwanda cha kukamua mafuta, akiwa mtoto wa pili kati ya sita wa baba yetu, aliyekuwa karani wa stoo ya kiwanda hicho, na mama yetu, aliyekuwa akifua nguo za wapangaji wenzake. Mama alizoea kusimulia kwamba mtoto alikuwa mdogo kiasi cha kuenea kwenye karai, na kwamba mkunga alitikisa kichwa akasema huyu ni wa kuombewa tu, lakini mkunga huyohuyo dada alikuja kumzika mwaka 1991, akiwa mstari wa mbele, tena akiwa mnene.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia Januari 1970 hadi Novemba 1976, kisha akachaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana, alikomaliza mwaka 1980, na huko ndiko alikopewa ukiranja wa bwalo, kazi iliyompatia maadui wengi, kwa maana alipakua chakula kwa usawa usio na huruma, rafiki na asiye rafiki, hata wenzake wakasema upawa wake una askari ndani. Mwaka 1981 aliingia chuo cha lishe, akahitimu stashahada tarehe 27 Julai 1984.

Tarehe 1 Septemba mwaka huohuo aliajiriwa kuwa afisa lishe katika hospitali ya wilaya, akapewa chumba cha kupimia watoto, chenye dirisha moja lisilofungika, benchi la kina mama, na mizani ya kuning'inia iliyofungwa kwenye boriti, na ni kina mama wa benchi lile waliompa jina la Mama Mizani, jina lililomfuata hadi kwenye jeneza hili. Tarehe 15 Machi 1993 alijiunga na shirika la misaada kwa watoto waliokumbwa na njaa, vita na mafuriko, akaanza kusimamia miradi inayolipiwa na wafadhili wa mbali, kazi aliyoifanya kwa miaka ishirini na tisa, na ambayo sisi nyumbani hatukuielewa vizuri, tukidhani kazi yake ni kugawa uji, kumbe sehemu kubwa ilikuwa kusubiri, kusubiri fedha ya awamu ya pili huku ya kwanza imekwisha, kusubiri lori lililokwama mpakani, kusubiri jibu la mtu aliyelala kwa sababu kwao ni usiku.

Katika miaka hiyo kazi ilibadilishwa jina mara nyingi, maana wafadhili nao wana misimu yao, ikaitwa mradi wa lishe, ikaitwa wa malezi, ikaitwa wa ulinzi wa mtoto, na mwishowe wa ustahimilivu, na kila mara fundi rangi akaitwa kuandika kwenye kibao cha ofisi jina jipya juu ya la zamani, hata siku moja akamwambia, "Mama, kibao hiki sasa kina rangi nyingi kuliko mbao, kikianguka kitaua mtu," naye dada akamjibu bila kuinua kichwa, "Paka tu, baba, uji ni uleule."

Dada alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mtu mpole aliyekaa hapa mbele, na kwa ruhusa yake nasema kwamba aliwahi kutuambia, tulipomtembelea tukamkuta anapika peke yake kwa mwezi wa tatu mfululizo, "Dada yenu ameolewa na wafadhili, mimi ni nyumba ndogo." Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 4 Mei 1989 na kijana aliyezaliwa tarehe 20 Februari 1992, na wapwa zangu hawa walikuwa na neno lao la kumchokoza mama yao anaporudi safari, kwamba watoto wa wenzake anawajua kwa kilo na gramu, lakini wao hajui wako darasa la ngapi. Alikuwa akicheka nao, kisha huenda jikoni kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, nasi tulijua kwamba neno limefika.

Sasa ninarudi kwenye kazi, kwa sababu kuna jambo ambalo yeye mwenyewe alitaka lisemwe, akatuambia kwamba historia ya marehemu isiyo na doa ni ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mwezi Septemba 1999 watu waliokimbia mapigano walianza kuingia katika wilaya aliyokuwa akifanya kazi, kituo kilichojengwa kwa ajili ya watoto mia moja kikapokea mia nne, wakalazwa kwenye mahema, wakipimwa mikono kwa utepe wenye rangi, na wengi wao utepe ukisimama kwenye nyekundu, rangi ya hatari. Dada alikuwa amejiwekea sharti, akaliandika na kulibandika mlangoni, kwamba mtoto aliye katika hali ile hapigwi picha, maana, alisema, hata mtu mzima hapendi kupigwa picha akiwa hoi, sembuse asiyeweza kugeuza uso. Mwezi Oktoba ujumbe wa wafadhili ulifika na mpiga picha wao, dada akawazuia kwa adabu, wakaondoka kwa adabu, na mwezi Novemba maziwa ya tiba yakaja nusu.

Hapo mhasibu wake, mwanamke waliyeheshimiana sana, aliingia ofisini, akafunga mlango, akamwambia, "Dada, sharti lako ni zuri, mimi mwenyewe nalipenda, lakini heshima haikorogwi kwenye sufuria." Mpiga picha aliporudi tarehe 14 Desemba, dada hakumzuia. Alikwenda mwenyewe hadi kwenye hema la pili, kwa mama mmoja kijana aliyekuwa amempakata binti wa miaka mitatu, akachuchumaa, akamweleza kwamba kuna watu mbali wakimwona mtoto watatoa maziwa, je, anakubali apigwe picha, na yule mama, akiwa ameshika kikombe alichopewa muda uleule na mkono wa dada yetu, akasema, "Mama, mtoto ni wako huyo, fanya unavyoona."

Dada alifanya alivyoona. Picha ile ilisambaa, malori yakaja kabla ya mwisho wa Januari, na watoto wengi waliokuwa kwenye mahema yale wakapona, na binti wa kwenye picha akapona pamoja nao. Sisi hatusimami hapa kusema alikosea, wala hatusemi alipatia, na yeye mwenyewe hakuwahi kutupa hukumu moja, ila alisema mara nyingi kwamba aliuliza swali la kweli mahali ambapo jibu lilikuwa moja tu, maana nani anamkatalia aliyeshika upawa.

Mambo hayakuishia pale. Picha iligeuzwa kalenda, kalenda zikagawiwa zahanati na shule kama shukrani, na moja ikatundikwa katika ofisi ya mwalimu mkuu wa shule ambayo binti yule, aliyekuwa amebaki mjini na mama yake, alianza darasa la kwanza. Watoto ni watoto, wakamtambua kwa kovu la kwenye nyusi, wakampa jina la utani ambalo sitalitaja, kwa sababu nitakayoisema baadaye. Tarehe 9 Agosti 2004 mama yake alifika ofisini kwa dada, hakukaa kwenye kiti alichopewa, akasema, "Nilipokuachia picha mwanangu alikuwa anakufa. Sasa anaishi. Nirudishie."

Kuanzia siku ile hadi anastaafu, dada yetu alitafuta kuirudisha picha ile kama mtu anavyotafuta mbuzi aliyepotea katika mji wenye mbuzi wengi. Aliandika makao makuu, akajibiwa kwamba ombi lake limepokelewa na linafanyiwa kazi, na alipouliza tena, aliyempokea mwanzo alikuwa amehamishwa, na aliyeshika nafasi yake akaomba aelezwe upya tangu mwanzo, na akishaelewa naye anahamishwa. Walikuwa watu wema, alisisitiza hilo, hakuna hata mmoja aliyemkatalia, ndiyo maana ilichukua muda mrefu hivyo. Alitaka kumlipia binti ada ya shule, mama yule akakataa, akisema mtoto wake halipwi mara mbili. Mwaka 2006 dada alipandishwa cheo akawa msimamizi wa miradi ya kanda nzima, akapewa gari na dereva, na dereva huyo, aliyekaa nyuma pale, ametusimulia kwamba kila walipoingia zahanati, bosi wake alitazama kuta kabla ya kusalimia watu. Mwaka 2016 shirika lilikubali picha isichapishwe tena, akashukuru, lakini zile zilizokwisha kutoka zilikuwa zimetoka, naye, aliyejua kusubiri, akaendelea kuzitafuta.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2022, akiwa amechoka uchovu usiolalika, akawa anakaa barazani na shemeji, wakisahihishana hesabu za umeme. Mwezi Februari 2023 miguu ilianza kuvimba, vipimo vikaonyesha kwamba figo zimeshindwa, akaanza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki, na tarehe 3 Agosti mwaka huu alilazwa katika wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango. Katika korido, mbele kidogo ya mlango ule, palikuwa na kalenda ya mwaka 2001, tarehe zake zimekatwa, imebaki picha, imebandikwa kwa gundi mahali ambapo plasta ilibanduka. Dada aliiona akipitishwa kwenye kitanda cha magurudumu. Alimwomba muuguzi aitoe, muuguzi akamwambia, kwa upole wa mtu mwenye wagonjwa thelathini, "Bibi, nikiitoa tutabaki na tundu, na fundi nimemwomba tangu mwaka juzi," na dada yetu, ambaye maisha yake yote aliwaelewa watu wasio na fundi, hakumwomba tena.

Siku ya tatu wapwa zangu walikwenda kumtafuta binti yule, kwa sababu mama yao alikuwa hali wala halali, wakamweleza hali ilivyo bila kumwomba kitu. Alikuja tarehe 11 Agosti mchana, mama yake mzazi akiwa amefariki miaka minne nyuma, na mimi nilikuwa nimeketi kando ya kitanda, mlango uko wazi, nikamwona akisimama mbele ya ukuta. Muuguzi alikuwa akipita na sinia la dawa, binti akamwambia, "Huyu ni mimi," muuguzi akamtazama juu hadi chini akasema, "Wewe? Na mashavu yote hayo?" Binti akacheka, akaonyesha kovu la kwenye nyusi, na muuguzi akaweka sinia chini sakafuni, jambo wasiloruhusiwa kulifanya, akaanza kuibandua ile picha kwa kucha zake mwenyewe, taratibu, ili isichanike.

Binti aliingia nayo imekunjwa, akaitia kwenye mkoba wake, akavuta kiti. Hawakuzungumza habari ya picha. Walizungumza habari za marehemu mama yake, jinsi alivyokuwa mkali wa usafi, na mvua iliyochelewa, na dada akamwuliza ana kilo ngapi siku hizi, binti akasema hilo swali wanawake hawaulizwi, wakacheka wote wawili. Sikusikia mtu akiomba msamaha wala mtu akisamehe, ila jioni ile dada alikula, na usiku akalala.

Dada yetu alifariki tarehe 19 Septemba, saa tatu asubuhi, shemeji akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watatu na ndugu watano.

Familia inawashukuru madaktari wa kitengo cha figo, na wauguzi wa wodi ile, hasa yule wa sinia, ambaye tumesikia aliitwa kujieleza, nasi tumekwenda kumsemea, na tundu la korido tumelipelekea fundi. Tunawashukuru majirani mliotupikia na kutuletea viti, wafanyakazi wenzake wa miaka yote ya majina yote ya mradi, na mhasibu wake, ambaye dada alituagiza tumwambie mbele ya watu kwamba hakuwahi kumlaumu.

Mwisho tunamshukuru binti, ambaye yuko nasi hapa. Kabla ya kuandika maneno haya nilikwenda kwake, nikamwomba ruhusa ya kusimulia, nikamwambia pia kwamba akikataa hakuna kitakachopungua, mazishi yatafanyika vilevile, na shukrani zetu zitabaki zilezile. Aliniambia nimpe muda afikiri, nikampa. Alichukua siku mbili. Alirudi na masharti, kwamba nisitaje jina lake wala lile la utani, nisiseme anafanya kazi gani, wenye simu wasimwelekezee, na nisiwaombe mgeuke kumtafuta, na kwa masharti hayo, akasema, semeni. Ndivyo nilivyofanya. Kwa hiyo tafadhalini, tazameni mbele.

Dada, umesubiri vya kutosha. Lala sasa kwa amani.