Mtama Niliosema Umeliwa na Fukusi

Sogeeni, wanangu. Simeoni kaa hapa kichwani, na wewe Hana nishike mgongo, maana nikilala chali pumzi inakatika, na haya ninayotaka kuyasema ni marefu kuliko pumzi niliyobaki nayo. Msinikatize. Padre amekuja asubuhi, nimeungama, amenipaka mafuta, lakini padre hakununua mtama kwenye duka letu wala hakufukuzwa kijijini na mtu. Wa kusikia ni ninyi, na baada yenu watu wote.

Nianze na mali, kwa kuwa ni kidogo. Ng'ombe wamebaki watatu. Yule mwekundu ni wa Hana, wawili wa Simeoni, na plau mtumie pamoja bila kugombana. Shamba la bondeni siwezi kumgawia mtu, mnajua wenyewe. Tangu tulipohamishiwa hapa kando ya barabara ya Mtinko limekuwa pori, na mliponiambia juzi kwamba miiba imefika mpaka kwenye zizi la zamani, hamkunidanganya. Hili la hapa ni ekari moja ya mchanga. Hana, umeniuliza kama tukibeba samadi kila kiangazi ardhi hii itakuwa kama ile. Sikudanganyi, mwanangu. Ile ilikuwa kazi ya babu yenu na baba yake, zizi lilihamishwa mara kwa mara juu ya shamba mpaka udongo ukawa mweusi. Kwa ng'ombe watatu hutaiona. Bebeni tu, lakini msingoje.

Sasa lile la duka.

Ninyi mlikuwa wadogo tulipolianzisha, miaka mitatu baada ya Uhuru. Kabla ya hapo duka lilikuwa moja, la mgeni, lina chumvi, sukari na mafuta ya taa, na mtama wetu alikuwa anaununua wakati wa mavuno kwa bei ya kutupa, halafu mwezi wa kwanza anaturudishia sisi wenyewe kwa bei ya kutukamua. Tukakaa wakulima saba wa bondeni, mimi na Bonifasi tukiwa mbele, kila nyumba ikatoa mbuzi mmoja, tukajenga duka letu la tope, na muuzaji tukamchagua Elizabeti. Alikuwa mwanamke kijana, amesoma misheni, na hakuwa na haya ya kumwambia mwanamume mzima kwamba vitunguu vyake vina maji. Masharti aliyaweka yeye. Duka litauza kwanza cha kwetu, mtama, uwele, karanga, vitunguu, asali, samli, mayai, ndipo vya mjini. Mkulima ataleta kilicho kizuri, si kile alichoshindwa kukila. Na shamba litalishwa samadi, basi. Alikuja shambani mwenyewe kabla ya mvua, akaingiza mkono kwenye udongo, akaunusa, akasema, "Hapa baba Simeoni umepita haraka, rudia." Nikarudia! Watu walitoka mpaka Singida mjini kufuata vitunguu vyetu, kwa sababu vilikaa miezi bila kuoza.

Na sharti la mwisho, ndilo hili linaloniua. Mwaka wa njaa, mwenye akiba ataileta yote dukani, iuzwe kwa kibaba, kwa bei ileile ya siku zote, kila nyumba ipate kidogo. Tulilikubali kwa kuinua mikono. Mkono wangu ulikuwa wa kwanza.

Njaa ikaja. Mvua ilikatika mtama ukiwa unatoa masuke, na huku tukiwa tumekwisha kuambiwa na serikali kwamba tutahama. Bonifasi alileta vilindo vyake vitatu dukani, vile vya maganda ya mti vya kuwekea mtama, akavimimina mpaka vumbi, na tangu siku ile akawa anapanga mstari na kibaba mkononi kama mtu mwingine. Mimi nilikuwa na vilindo vitano. Nikasema nitaleta wiki ijayo. Nikasema tena wiki ijayo.

Siku ya mkutano wa kuhama, watu wote wakiwa uwanjani, jua la saa sita, nilibaki nyumbani nikisema ninaumwa tumbo. Lori la magendo lilipita njia ya nyuma ya kilima. Lilibeba vyote. Mama yenu alikuwa hai bado, alisimama mlangoni akaniuliza, "Alute, na watu wa dukani?" Nikamwambia tunahama, kila mtu ajitazame. Mpaka anakufa hakulitaja tena.

Jioni ile nilikwenda kwa Elizabeti, nikamwambia fukusi wamekula mtama wangu wote, umebaki unga wa wadudu. Aliniamini. Alinipa pole. Na yeye ndiye aliyewatangazia watu.

Lakini dereva wa lori, kabla ya kuja kwangu, alisimama dukani kuomba maji ya kuweka kwenye injini. Watu waliona alama za magurudumu mlangoni pa Elizabeti, wakaona na mtama wa duka umekwisha mapema, wakajumlisha. Aliitwa kwenye mkutano. Alisimama, sasa akiwa mjane, na mwanawe Maria mgongoni, mtoto wa miaka minne ambaye kwa njaa alikuwa mwepesi wa kubebwa kama wa mwaka mmoja. Hakulia. Alitafuta uso wangu katikati ya watu, akasema, "Baba Simeoni, wewe mkulima mwenzangu, unajua ulichonipa na usichonipa. Waambie kama nimepokea mtama wako nikauuza."

Nilitazama chini. Wanangu, nilikuwa na maneno mdomoni. Nilitazama chini mpaka mwenyekiti akasema, "Basi, mzee hana la kumtetea." Wakamnyang'anya funguo. Kesho yake alishika njia kwenda kwa kaka yake Manyoni, kwenye reli, na Maria alifia njiani, kabla hata hawajafika Ikungi. Mama yake Bonifasi naye alikufa mwezi uleule, na vilindo vya mwanawe vilikuwa vimeliwa na kijiji kizima, pamoja na mimi, maana nilipanga mstari nami, ili nisishukiwe.

Hana, usiniachie mgongo. Najua. Nivumilie kidogo.

Mabati haya mnayoyaona juu yangu ndiyo ule mtama. Mlikuwa mnajisifu kwa wenzenu kwamba baba yenu alihama na mabati wakati wengine wanaezeka nyasi. Nimelala chini yake miaka miwili nikiyasikiliza.

Mwaka jana niliwaaga kwamba ninakwenda kumwona daktari. Nilikwenda Manyoni. Nilimkuta Elizabeti karibu na stesheni, anauza viazi vya kuchemsha kwa wasafiri. Akaniona, akapiga goti kidogo, "Shikamoo, baba Simeoni." Nilimwambia yote nimesimama, kama ninavyowaambia ninyi. Alisikiliza huku anamenya viazi. Nilipomaliza akasema, "Maneno hayo siku ile yangekuwa chakula. Leo ninayafanyia nini?" Nikamwambia nitampa mabati. Akasema, "Sina nyumba ya kuweka bati la mtu." Akaninawisha mikono, akanipa viazi viwili, akakataa senti yangu, akaenda kwa abiria kwenye dirisha la treni. Nilirudi. Sikuwa nimesamehewa wala sikuwa nimetukanwa, na nawaambia, afadhali angenitukana.

Kwa hiyo sikieni ninayoagiza. Nikishazikwa, watu wakiwa bado wamekaa, kabla hawajala, Simeoni simama useme: Elizabeti hakuiba, aliyeuza mtama ni Alute. Useme na lori, na fukusi, na mabati. Najua wewe ndiye katibu wa duka la kijiji sasa, hata kama rafu zina viberiti na sabuni tu, na wapo watakaosema mtoto wa mwizi asishike funguo. Watasema kweli, labda. Utaziacha. Sina cha kukufidia.

Kisha mwendeeni Bonifasi. Kila asubuhi ananiletea maziwa, anaketi pale mlangoni, ananiita ndugu yangu. Ameleta hata leo. Mwambieni kwanza, ndipo mumpe mabati. Msimpe kabla ya kumwambia, mkamnunua. Akiyatupa, yaacheni pale alipoyatupa. Ninyi ezekeni nyasi.

Duka lile msidhani litarudi. Lilikuwa ni watu wanaoaminiana kwa kilicho mkononi mwa mwenzao, na huo udongo mimi nimeuharibu kuliko ukame. Sisemi haya ili mpate tumaini. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Maji kidogo... inatosha.

Simeoni, unainuka? Mwache, Hana. Mwache atoke. Nilitaka tu aseme "ndiyo", lakini mwache. Kama yeye hatasema, utasema wewe. Utasema? ... Sikusikia, mama, masikio yananipotea. Ukitikisa kichwa nami sioni tena vizuri. Niguse bega. Ndiyo. Asante.

Njoo na kichwa chako hapa. Mungu akupe mikono isiyochoka. Akupe jirani wa kweli, na ukimpata, umtunze. Na Simeoni huko nje... amrudishe ndani kabla ya baridi... ambariki yeye na watoto wake, hata akinikataa. Na Elizabeti. Hana, mtaje Elizabeti, mimi ulimi ume... mtaje yeye na Maria. Taja. Kwa sauti, mama. Watu wasikie hata barabarani...