Maisha ya Mama Sura ya Tisa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliofika kutushika mkono, familia imeagiza yasomwe mbele yenu maisha ya marehemu, ambaye nyumbani aliitwa Mama, shuleni aliitwa Mwalimu, na wanafunzi, wakidhani hasikii, walimwita Mama Sura ya Tisa, jina alilolisikia vizuri sana na kulipenda.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Novemba 1946, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi cherehani Mwislamu na mkewe, katika chumba kilichokuwa juu ya karakana ya baba yake, na bibi yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alitembea kabla ya kukaa, jambo ambalo hatuna ushahidi nalo lakini tunaliamini, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyewahi kumwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi.

Alianza shule Januari 1953, akaingia chuo cha ualimu mwaka 1967, na tarehe 5 Januari 1970 aliajiriwa kufundisha historia katika shule ya sekondari ya wasichana, ghorofa ya pili, ambako alifundisha akizunguka darasa mpaka wanafunzi wa mbele wakalalamika kuumwa shingo. Tarehe 22 Juni 1973 alifunga ndoa na mfamasia, baba yetu, mtu wa taratibu, aliyependa kusema kwamba yeye alioa upepo na kazi yake ni kushika mapazia, na Mungu akawajalia watoto wanne, wasichana watatu na mvulana mmoja.

Mwaka 1984 bodi ya vitabu ilimpa kazi ya kuandika sura ya tisa ya kitabu cha shule, iliyohusu Waislamu, Wayahudi na nchi za Magharibi, na hapo ndipo usingizi ulipomhama. Aliandika kurasa kumi na moja nzuri, za matabibu Wayahudi katika majumba ya watawala Waislamu, za wafanyabiashara walioandikiana barua kwa Kiarabu kwa kutumia herufi za Kiebrania, za Wayahudi waliofukuzwa Uhispania mwaka 1492 na wengi wao wakapokelewa katika nchi za Waislamu, kisha akampelekea jirani wa shule, Fundi wa Majalada, Myahudi aliyekuwa akishona vitabu vya maktaba, azisome kwa jicho la mtu wa nje.

Fundi alizisoma siku tatu, akazirudisha, akasema, "Dada, umetuandikia harusi zote, misiba umeiacha."

Akamweleza kwamba wazazi wake waliishi miongoni mwa Waislamu, na babu zao kabla yao, wakiulizana hali kila asubuhi, hadi mwaka 1951 walipotoka na sanduku moja huku majirani wakitazama. Marehemu, ambaye hasira yake ilikuwa karibu, alimjibu kwamba mjomba wake naye alitolewa nyumbani kwake mwaka 1948 kwa mtutu wa bunduki, na familia ya Kiyahudi ikaingia kulala mle, basi huo msiba nao auandike wapi. Hawakusemezana kwa miaka miwili, ingawa ni ukuta mmoja tu uliowatenganisha, na mama alikuwa akipita mlango wa Fundi haraka kama anayekimbia mvua.

Lakini maneno yale yalimkaa kooni. Aliiandika sura upya, akaweka msiba wa mjomba na msiba wa wazazi wa Fundi katika ukurasa mmoja, akaongeza sehemu ya Magharibi, iliyowatesa Wayahudi karne kwa karne, ikawafungia milango walipokuwa wakiuawa kwa mamilioni, kisha ikagawa ardhi za watu wengine kwa kalamu na rula, na mwezi Agosti 1987 alibisha hodi kwa Fundi, akampa karatasi bila salamu. Fundi alizisoma amesimama, halafu akamvutia kiti, ambacho mama, kama kawaida yake, hakukikalia.

Bodi iliikataa. Mhariri alisema wanafunzi wanataka kujua nani alianza, marehemu akamjibu kwamba hilo ni swali la watoto waliopigana uwanjani. Aliifundisha darasani hata hivyo, na wazazi wa wanafunzi wa pande zote wakalalamika, kila upande ukidai amenunuliwa na upande wa pili, na Februari 1988 aliondolewa darasani akapelekwa stoo ya vitabu, alikokaa miaka kumi na tatu mpaka alipostaafu. Usiku alilia, tulimsikia, lakini kila Alhamisi alasiri alifundisha sura hiyo sebuleni kwa yeyote aliyetaka, akitumia nakala arobaini ambazo Fundi alizishona kwa mkono wake.

Tarehe 9 Machi 2017 marehemu alipata kiharusi kilicholegeza mkono wa kulia, akawa anaendelea kuirekebisha sura ile kwa kutamka, na binti yake mkubwa anaandika. Wiki yake ya mwisho hospitalini Fundi alikuja kila siku na fimbo yake, wakabishana neno moja, mama akitaka iandikwe kwamba wazazi wa Fundi waliondoka, Fundi akitaka walifukuzwa, hadi muuguzi alipowaomba wapunguze sauti. Tarehe 2 Oktoba 2019, saa nne asubuhi, Fundi akiwa njiani kuja, mama alifariki, na katika nakala ya mwisho mahali pa neno hilo pako wazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu, majirani waliotupikia, walimu wenzake waliomtembelea stoo wakati kumtembelea kulikuwa na gharama, na Fundi wa Majalada, aliyeketi hapa mstari wa mbele, ambaye tulimwomba ajaze neno lile kwa niaba yake akakataa, akisema hawezi kumshinda mtu asiyeweza kujibu.

Mama, hukuwahi kukaa. Kaa sasa, upumzike kwa amani.